Viatu Vyeusi Mlangoni kwa Mama Radhia

Siku Radhia aliposimama kibandani na kutangaza kwamba mama yake atafanyiwa opération ya miguu, wote waliokuwepo walisema alhamdulillahi, isipokuwa mwenye kibanda, fundi viatu Karimu, ambaye alijigonga kidole kwa nyundo.

"Pole, fundi," Radhia akasema.

"Si kitu," Karimu akajibu, kidole kikiwa mdomoni. "Hiyo ni habari nzuri sana."

Kwake haikuwa nzuri hata chembe. Na kabla hujamhukumu, sikiliza kwanza kisa chenyewe.

Khadidja, ambaye mtaa mzima wa Buyenzi humwita Mama Radhia, alikuwa na nundu kwenye kila mguu, pale ubavuni ambapo kidole gumba huanzia. Mfupa ulikuwa umejitokeza nje, na kidole chenyewe kimewaegemea wenzake kama abiria aliyesinzia. Viatu vya dukani vilikuwa adui yake. Alivivaa asubuhi, na kufika adhuhuri alikuwa ameshavibeba mkononi. Ndipo alipoanza kwenda kwa Karimu, mwaka ule uliofuata kifo cha mumewe, na Karimu akamtengenezea makubadhi yenye ngozi laini ubavuni, yenye nafasi ya nundu kupumua. Kila baada ya muda nundu ilisonga, makubadhi yakabana, naye akarudi.

"Fundi, imesonga tena."

"Tutaipatia nafasi, Mama Radhia."

Basi yeye hukaa kwenye benchi, Karimu hupiga magoti, hupima kwa uzi, huchora kwenye karatasi, na kazi ya muda mfupi ikachukua mchana kutwa. Waliongea bei ya sukari, watoto wa Khadidja walioko Ubelgiji, mvua iliyojaza mitaro, nani kaoa na nani kaachwa. Karimu mwenyewe alikuwa amefiwa na mke zamani. Alimpenda Khadidja. Alipenda kicheko chake, ubishi wake, hata namna alivyokataa chai mara ya kwanza ili abembelezwe mara ya pili. Siku aliyokuja, Karimu alifunga kibanda akiimba. Wiki asizokuja alikuwa mkali kwa wateja bila sababu.

Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia. Ukimwuliza, atakwambia marehemu mume wa Khadidja alikuwa tajiri wa vitambaa na yeye ni mtu wa gundi na misumari. Uongo mtupu. Alikuwa mwoga. Mtu anayeshika kisu chenye makali siku nzima bila kutetemeka, akitakiwa kusema maneno mawili kwa mwanamke, ulimi unamnata. Kwa hiyo nundu zile ndizo zilizokuwa zikimsemea. Zilimleta Khadidja, zikamkalisha, zikamrudisha tena. Zikiondolewa, atamwona wapi?

Radhia, ambaye hakujua lolote katika haya, aliendelea kueleza alivyoelezwa na daktari. Mfupa unakatwa, unasogezwa mahali pake, unafungwa kwa skrubu ndogo. Wengi wanapona vizuri na kutembea bila maumivu. Wengine kidole kinabaki kigumu, au mguu unavimba miezi na miezi, na kwa wachache nundu inarudi polepole.

"Mi shangazi yangu wa Kinama alikatwa," ikasema sauti kutoka chini ya gari jirani. Huyo alikuwa Massoudi, fundi magari na rafiki wa Karimu, ambaye watu wa mtaa wanaijua miguu yake kuliko uso wake. "Leo anakimbia kuliko mi."

"Kukimbia kuliko wewe si kazi," Karimu akamjibu kwa hasira.

"Mama akipona, inshallah," Radhia akamalizia, "ataweza kuvaa kiatu chochote ya dukani."

Kiatu chochote cha dukani. Maneno hayo yalimwingia Karimu kuliko nyundo. Jioni msikitini aliinua mikono akaomba, "Ya Rabbi, mponye Khadidja." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akaongeza, "Lakini usiharakishe." Aliona haya papo hapo, akaomba upya toka mwanzo bila nyongeza. Hata hivyo moyoni alijua kwamba ile dua ya kwanza ndiyo aliyoiomba kwa dhati.

Opération ilifanyika, miguu yote miwili kwa mpigo, maana Khadidja alisema hawezi kuogopa mara mbili. Habari zikaja kwamba amerudi nyumbani salama na anapumzika. Watu wakaanza kwenda kumjulia hali, na Karimu naye akajiandaa. Alioga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akanunua machungwa mazuri, akatembea hadi nyumbani kwake mchana kweupe ili mtu asiseme neno.

Alipofika mlangoni akaona viatu.

Buyenzi mtu hahitaji kuuliza nani yuko ndani. Unaangalia mlangoni. Kandambili za buluu ni za Radhia, viatu vya mpira ni vya jirani, na ukiona viatu vya mgeni wa kiume unajua kuna mazungumzo, unarudi baadaye. Hiyo ni adabu ya kawaida, na kwa mtu anayekula kwa viatu ni zaidi ya adabu, ni kusoma. Sasa pale mlangoni, pembeni ya kandambili za Radhia, palikuwa na viatu vya mwanamume. Vikubwa, vipana, vyeusi, soli nene, havina kamba bali vitambaa viwili vya kunata juu. Vipya. Karimu alikuwa hajawahi kuona vya namna ile sokoni wala kwa wauza mitumba. Hivyo vilitoka nje ya nchi.

Na ndani Khadidja alikuwa anacheka.

Karimu alisimama na machungwa yake. Kisha akageuka, akarudi alikotoka, na njiani akawagawia wapita njia machungwa yale.

Siku chache baadaye alirudi. Viatu vilikuwa palepale. Safari hii hakuna aliyekuwa akimwona, basi akainama, akakigeuza kimoja. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa balaa, kwa sababu soli ilimwambia mengi. Mbele ilikuwa safi kama ilivyotoka kiwandani. Kisiginoni ilikuwa imechubuka. Mtu huyu alikuwa anatembelea visigino! Na nani hutembelea visigino, Karimu alijiuliza, kama si mtu wa kifua mbele, tumbo mbele, mtu aliyezoea kufunguliwa milango? Mtu mzito, mwenye pesa, wa Ulaya au aliyekaa Ulaya. Mtu ambaye hakuwahi kumwona Khadidja akivua makubadhi njiani na kukaa kwenye ukuta wa mtaro akisugua miguu. Amekuja sasa, miguu iliponyooka. Karimu alikirudisha kiatu mahali pake kwa uangalifu mkubwa, na alikichukia kuliko kiatu chochote alichowahi kushika.

Mara ya tatu hakukaa mlangoni hata kidogo. Aliviona kwa mbali, akaacha mfuko wa machungwa kizingitini, akaondoka haraka.

Kumwuliza mtu hakuthubutu, maana anayeuliza hujulikana. Akaamua kutafuta mwenyewe. Ijumaa iliyofuata hakujua khutba ilihusu nini. Swala ilipokwisha alikuwa wa kwanza kutoka, akasimama kwenye rafu za viatu, akaanza kuvichungulia, na vile vyeusi akavigeuza kimoja kimoja kuangalia soli.

"We fundi," akasema mzee Abdu, muuza vipuri, akiwa amesimama na soksi zake. "Unatafuta nini ndani ya kiatu yangu?"

"Naangalia soli tu, mzee."

"Soli yangu inakuhusu nini? Nimekuletea?"

Watu wakaanza kukusanyika. Mmoja akakumbusha kwamba mwezi uliopita alipoteza viatu hapohapo. Karimu akatokwa jasho, kiatu cha mzee Abdu kikiwa bado mkononi mwake. Massoudi ndiye aliyepenya katikati ya watu, akamshika kwapa. "Mumusamehe, jamani, ni ugonjwa wa kazi. Hata mi nikiona gari ya mutu naangalia chini."

Njiani alimbana hadi akasema yote: viatu, kisigino, kicheko ndani, miaka yote ile ya kupima kwa uzi. Massoudi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si tabia yake.

"Mutu wa kutembelea kisigino," akasema mwishowe. "Huyo ni député wa bunge, ama mutu wa ONG za Wazungu."

"Unanisaidia au unanimaliza?"

"Karimu, enda umwambie huyo mama. Akikataa, amekataa."

"Nimwambie nini, na mwenzangu amekwisha kuingia ndani?"

Massoudi akainua mabega. Usiku Karimu hakupata usingizi. Wiki zikapita. Alishona, alibandika, alipigilia, lakini kila kiatu kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na kasoro ndogo. Mama mmoja wa Nyakabiga alirudisha viatu vyake akidai vyote viwili ni vya kushoto, na alikuwa anasema kweli.

Kisha, Jumamosi moja asubuhi, Khadidja akatokea.

Karimu aliona viatu kwanza. Ni ugonjwa wa kazi kweli. Vilikuwa viatu vya dukani, vya kahawia, vipana kiasi lakini vya dukani, vimefunika miguu iliyonyooka pasipo na nundu yoyote ubavuni. Ndipo alipoinua macho na kumwona mwenyewe, mtandio wa kijani, uso mkavu kidogo. Moyo wake ulifurahi na kuvunjika kwa wakati mmoja.

"Karibu, Mama Radhia. Alhamdulillahi, umepona."

"Nimepona," akasema, akakaa kwenye benchi bila kungoja. Alikuwa amekasirika, hilo lilionekana. "Hata pole yako sikuisikia, fundi. Buyenzi yote ilikuja. Watu wenye sijawahi kuwapa hata chumvi walikuja. We, apana."

Karimu akashika uzi wake na mkasi.

"Miguu inaendeleaje?" akauliza, maana hilo alilimudu.

"Unataka kujua? Haya." Akanyoosha mmoja. "Huu wa kuume umenyooka sawasawa. Huu wa kushoto, docteur anasema ni très bien, muzuri sana, mi naona umelala kidogo bado. Maumivu ile ya zamani imeisha, natembea mpaka soko na kurudi. Lakini kidole hakikunji muzuri, nikiswali, kwa tahiyatu kinanigomea. Na jioni inavimba. Juzi docteur ananiuliza, 'Maman, uko content na opération, umeridhika?' Nikamwambia, 'Docteur, sijajua bado.' Alinishangaa sana! Alifikiri nasema habari ya mguu."

"Ulikuwa unasema habari ya nini?"

 Khadidja aliangalia nyuzi, nyundo na mikebe ya gundi ukutani.

"Watoto walitaka nikatwe tangu zamani," akasema. "Walituma tikiti ya ndege hata, nikafanyiwe kule. Nikakataa. Unajua kwa nini?"

"Uliogopa kisu."

"Mi? Nimezaa watoto tano, niogope kisu! Niliogopa kukosa sababu ya kufika hapa." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, lakini vidole vyake vilikuwa vimeukaza mtandio. "Miaka yote nikalingoja jitu lizima liseme neno. Linapima, linachora, linanipa chai, halisemi. Mwisho nikachoka. Nikasema, tuondoe hii nundu, tuone kama huyu mutu atanitafuta bila yenyewe. Nikakatwa miguu yote mbili, nikalala nangojea. Na hukuja!"

"Nilikuja!" Karimu alisimama, uzi na mkasi vikaanguka. "Wallahi nilikuja. Mara tatu nilikuja!"

"Ulikuja wapi? Nani alikuona?"

"Nilifika mlangoni nikarudi. Si ulikuwa na mgeni? Kila siku nikifika mgeni yuko ndani. Viatu vyake nilivikuta pale. Vyeusi, vikubwa, vya kunata. Mtu wa kutembelea visigino. Na wewe ulikuwa unacheka!"

Khadidja alimtazama. Uso wake ukabadilika taratibu, kwanza hasira ikatoka, kisha mshangao ukaingia, kisha pembe za mdomo zikaanza kucheza.

"Nyeusi," akasema. "Na soli munene."

"Viatu hivyo hivyo."

"Karimu, ile viatu ni yangu!"

Alicheka hadi akashika nguzo ya kibanda. Alijaribu kueleza, akashindwa, akaanza upya. Ni viatu vya hospitali, alivyopewa na daktari avae juu ya bandeji, ndiyo maana vikubwa namna ile. Mbele hakuruhusiwa kukanyagia kabisa, ndiyo maana alitembelea visigino, kama bata, wiki nenda rudi. Na daktari alimwapisha asipige hatua hata moja bila kuvivaa.

"Sasa mi, kiatu ikanyage zulia yangu? Tangu niolewe kiatu haijapita mlango ile! Nikamtii docteur. Bila kiatu sikupiga hata hatua moja. Nilikuwa navivua mlangoni, nakaa chini, najivuta na makalio mpaka kitandani. Radhia alikuwa anakufa na kicheko, na mi nacheka naye. Ndio kicheko ile ulisikia."

Karimu akakaa chini, si kwenye kigoda bali chini kabisa, katikati ya vipande vya ngozi. Mtu wa Ulaya mwenye kifua mbele, tajiri mwenye kufunguliwa milango, yule aliyemnyima usingizi na kumwaibisha mbele ya mzee Abdu, alikuwa ni Khadidja mwenyewe, akijivuta kwenye zulia lake. Alijisikia mjinga kupita wajinga wote wa Buyenzi, na hakuwahi kufurahia ujinga wake kiasi kile.

"Na machungwa?" Khadidja akauliza, akifuta machozi. "Ile ya kizingitini?"

"Yangu."

"Yalikuwa matamu."

Chini ya gari la jirani, miguu miwili iliyojaa grisi ilikuwa inatikisika. Massoudi alikuwa akijitahidi asisikike, akashindwa, kicheko kikamtoka kwa kishindo, kisha kukasikika kichwa kikigonga chuma. "Aïe! Mwambie basi, we mutu!" akapiga kelele kutoka huko chini. "Unangojea nini? Akatwe mguu ya tatu?"

Safari hii ulimi wa Karimu haukunata. Labda ni kwa sababu alikuwa ameshakaa chini na hapakuwa na mahali pengine pa kuanguka. Alimtazama usoni, si miguuni, akamwita kwa jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake.

"Khadidja. Ninakupenda. Nimekupenda tangu makubadhi ya kwanza. Niliomba hata upone polepole, Mungu anisamehe, kwa sababu niliogopa hutarudi. Nataka unioe... nataka nikuoe, yaani. Kama unanitaka."

"Muone," Khadidja akasema. "Kumbe lilikuwa linajua kusema."

"Basi unanitaka?"

"Mi nimekatwa mifupa, Karimu. Unataka nikuandikie na barua?"

Karimu akainuka, akajipangusa magoti. Hakuona haya yoyote. Akauliza kama inavyotakiwa kuuliza, kwa adabu, posa ipelekwe kwa nani. Khadidja akajibu kwamba baba hayupo tena, wa kuombwa ni kaka yake Zayd, anakaa Nyakabiga, mtu mzuri lakini anapenda heshima, asiendewe na nguo za gundi.

"Nitaenda na wazee, kama inavyofaa," Karimu akasema. "Nitaenda Ijumaa, baada ya swala."

Khadidja akaiangalia miguu yake iliyonyooka, kisha akamwangalia yeye.

"Leo ni Jumamosi," akasema. "Ijumaa ni mbali."

 Massoudi akajivuta nje kutoka chini ya gari, akasimama, akaanza kutafuta tambara la kufutia mikono, na mwenye gari alipokuja kuuliza kazi yake inaishia wapi, akaambiwa angoje, kuna posa ya kupeleka Nyakabiga. Karimu alikuwa ameshafungua aproni.